Brekidauni chakavu: kagua chasisi kabla ya kuilaumu injini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu magari ya kuvuta magari mabovu, yaani brekidauni, hapa Arusha na Moshi. Mengi ni malori madogo ya dizeli yaliyokuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, Canter, Isuzu Elf, Dyna na wenzao, kisha yakafungwa mkono wa kunyanyulia na winchi hapa hapa kwetu. Yamefanya kazi miaka mingi na yamechoka. Wenye nayo wanauliza swali lile lile: nitengeneze, au niuze ninunue jingine?

Kwa maoni yetu, wengi wanalijibu swali hilo kwa kuangalia mahali pasipo penyewe. Mmoja anaona moshi mweusi akipanda kutoka Kikatiti kuja Usa River, anaamua gari limekwisha na kuliuza kwa bei ya chuma chakavu. Mwingine injini yake inawaka kwa mguso mmoja, basi anaridhika, anachomelea ufa wa chasisi kwa mara ya nne na kurudi barabarani. Wote wawili wamekosea, na huyu wa pili anaweza kuua mtu. Injini hutolewa kwa siku moja na nyingine ikaingia. Chasisi ndiyo gari lenyewe, na hata kadi ya gari hulitambua kwa namba ya chasisi. Uamuzi uanzie hapo.

Lori la kawaida hubeba mzigo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, au juu ya ile ya nyuma. Chasisi yake hubonyea katikati, na mdomo wa chini wa reli ndio unaovutwa (reli ni ile mihimili miwili mirefu ya chasisi, na mdomo ni ukingo wake wa juu au wa chini). Brekidauni ni kinyume chake. Mzigo unaning'inia nyuma ya tairi za nyuma, mkia unashuka, na mdomo wa juu wa reli ndio unaovutwa. Kiwanda hakikuitengeneza chasisi hiyo kwa mvuto wa namna hiyo, na kila shimo la barabarani huongeza uzito juu ya ule uliokwisha kuwepo. Kwa hiyo nyufa za brekidauni huanzia mdomo wa juu, karibu na hanga, yaani vishikio vya springi za nyuma, au mahali inapoishia ile fremu ya pili inayobeba mkono na winchi, nyuma kidogo ya kichwa cha gari. Na mdomo wa juu ndio uliofunikwa na fremu hiyo. Mara nyingi kati yake kumewekwa ubao, ubao unanyonya maji, na kutu inakula chuma bila mtu kuona. Anayekagua kwa kulala chini ya gari na tochi anaangalia mdomo wa chini, anakuta uko safi, anatangaza chasisi nzima.

Ukaguzi wa kweli ni kulegeza yu-bolti zinazoshika fremu ya pili, kuinyanyua kwa jeki walau sentimita 10, kutoa ubao na kusugua reli kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kama huna dawa maalumu ya kuonyesha nyufa, mafuta ya taa na chaki vinatosha. Paka mafuta ya taa, acha nusu saa, futa mpaka pakauke kabisa, kisha pakaa unga wa chaki nyeupe. Gonga reli kwa nyundo taratibu. Penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ni kazi ya nusu siku, na hakuna pesa nyingine katika zoezi zima inayotumika vizuri kuliko hiyo.

Pima na unyoofu. Egesha gari kwenye sakafu iliyosawazishwa, teremsha timazi kutoka tundu zinazolingana za reli ya kushoto na ya kulia, weka alama chini kwa chaki, kisha pima mishazari kwa futi kamba. Mishazari miwili ikipishana zaidi ya milimita 7 hivi, chasisi imepinda. Gari la namna hiyo litakula tairi na kuvuta upande mmoja hata ukibadilisha kingpini zote, zile pini za magurudumu ya mbele. Pima pia unene wa chuma kwenye kingo za tundu kwa kalipa, ulinganishe na sehemu iliyofichika karibu na injini ambako kutu haikufika. Chuma kilichokuwa milimita 5 kikibaki 4 au pungufu karibu na hanga, usikichomelee. Joto la kuchomelea litahamisha ufa sentimita chache pembeni, basi.

Ufa unaotibika ni ule mmoja ulio kwenye ubavu wa reli, yaani uso wake wa wima, mbali na hanga, kwenye chuma kinene kisicholika. Toboa tundu la milimita 6 kwenye ncha yake ili usiendelee, uchimbe kwa grainda umbo la V, kisha uchomelee kwa vijiti vya namba 7018 vilivyokaushwa. Kijiti chenye unyevu huacha vitundu ndani ya weldi, na ufa mpya utaanzia humo. Batri ifunguliwe kabla, na alteneta ichomolewe. Bamba la kuimarisha likatwe ncha mshazari, lisikatwe mraba, na bamba la kushoto lisiishie sambamba na la kulia. Ncha za mraba zinazoishia mahali pamoja huhamishia nguvu yote kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo reli hukatika. Kosa lile lile limo kwenye fremu nyingi za pili tunazoziona mitaani: mbele zimekatwa wima kama tofali. Zingekatwa kwa mteremko mrefu, nyufa nyingi za nyuma ya kichwa zisingekuwepo. Na midomo ya reli haitobolewi kamwe. Anayetaka kufunga kitu atoboe ubavu.

Reli zote mbili zikiwa na ufa mahali pamoja, au ufa uliowahi kuchomelewa ukiwa umefunguka tena, au mdomo wa juu ukiwa umeliwa na kutu kwenye hanga, ushauri wetu ni mmoja. Gari hilo lisinyanyue tena mzigo. Liuzwe vipuri: injini, gia boksi, difu, kichwa na ekseli vina wanunuzi. Mkono na winchi, kama ni vizima, vihamie kwenye lori lingine.

Kuna jambo linalokwenda pamoja na chasisi ambalo wenye magari wengi hawalihesabu, nalo ni uzito unaobaki mbele. Tuchukue lori lenye mita 3.4 kati ya ekseli mbili, na ndoano ikiwa mita 1.7 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukinyanyua pua ya gari yenye kilo 1,200, tairi zako za mbele zinapunguziwa nusu yake, kilo 600, na za nyuma zinaongezewa kilo 1,800. Kama mbele kulikuwa na kilo 1,900, zinabaki 1,300, na usukani bado unashika. Refusha mkono hadi mita 2.5 na unyanyue pua ile ile: mbele zinabaki kilo 1,000 na ushei. Sasa nyanyua basi dogo lenye kilo 2,000 mbele kwa mkono huo huo mrefu. Zinabaki kilo 430 hivi, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, na breki za mbele hazina kazi. Kanuni ya kushika ni kwamba mbele ibaki walau nusu ya uzito wake wa kawaida. Kama wateja wako wamebadilika, zamani ulivuta magari madogo na leo unaitwa kwa mabasi madogo na Land Cruiser za utalii zilizojaa mizigo, basi hata gari zima kabisa si saizi yako tena. Hapo kutengeneza ni kupoteza fedha. Unahitaji lori kubwa zaidi.

Chasisi ikipita, ndipo tuzungumze injini. Na hapa Arusha kuna kosa ambalo limewagharimu watu wengi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Pwani. Moshi iko chini zaidi, lakini nako hewa imepungua kwa karibu asilimia 10. Geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda, inasoma kilichoingia humo. Injini ambayo Dar es Salaam ingeonyesha baa 26, Arusha itaonyesha 22 na kidogo bila kuwa na ugonjwa wowote. Fundi anafungua kitabu, anaona 26, anasoma 22, anamwambia mwenye gari injini imekufa. Haijafa.

Kipimo kifanywe injini ikiwa ya moto, batri zikiwa zimejaa, nozeli zote zinazopuliza dizeli zimetolewa, dizeli imekatwa na kichujio cha hewa kiko safi. Kila silinda izungushwe kwa muda ule ule. Usiangalie namba kubwa peke yake, angalia tofauti. Silinda nne zikisoma 22, 22, 21 na 22, injini ina maisha. Zikisoma 22, 21, 15 na 22, ugonjwa uko kwenye silinda ya tatu tu, na huenda ni vali wala si ringi za pistoni. Kujua ni kipi, peleka pistoni juu kabisa vali zikiwa zimefunga, zuia krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, isizunguke, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la nozeli na usikilize. Hewa ikitoka kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au slivu, yaani ganda la silinda. Ikitoka ekzosi, ni vali ya ekzosi. Ikisikika kwenye bomba la kuingizia hewa, ni vali ya kuingizia. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi au silinda hedi iliyopasuka. Wapo wanaomimina oili kwenye silinda kupima ringi kama wafanyavyo kwenye injini ya petroli. Kwenye dizeli nafasi iliyo juu ya pistoni ni finyu mno, na oili ikizidi kijiko kimoja inaweza kukunja konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Moshi mweusi mlimani nao usikutishe haraka. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya Pwani inaendelea kumwaga dizeli ile ile huku hewa imepungua, na dizeli isiyopata hewa inageuka masizi. Anza na kichujio cha hewa, halafu nozeli zipimwe kwenye mashine, halafu pampu ipunguzwe kidogo. Moshi wa bluu ndio wa kuogopa, kwa sababu hiyo ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yanapungua, ni maji ndani ya silinda.

Kama injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani, usiwashe tena. Kata kichujio cha oili kwa msumeno, kunjua karatasi yake na uangalie kwenye jua. Vumbi la rangi ya shaba ni beringi zilizokwisha kufika kwenye shaba yake. Pima krenki kwa maikromita. Saizi za kusaga ni milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Krenki iliyofika 1.00 haina pa kwenda tena, na hapo kwa kawaida injini ya mtumba ni nafuu kuliko kununua krenki, slivu, pistoni, ringi, beringi na gasketi. Krenki ikiwa bado saizi ya kiwanda au 0.25, ovahoo, yaani kuifumua injini na kuifanya upya, ina faida, ila ifanywe yote. Tunachokiona mara kwa mara ni ovahoo nzuri inayonoki tena baada ya wiki sita, na lawama zikaangukia beringi feki. Mara nyingi chanzo ni kipoza oili. Chuma kilichosagika kinajificha kwenye vijia vyake, hakitoki kwa kuoshwa juu juu, na siku injini mpya inapopata moto kinaingia moja kwa moja kwenye beringi mpya. Kipoza oili cha injini iliyonoki kibadilishwe. Vijia vya oili kwenye bloku na krenki vifunguliwe vizibo, visuguliwe kwa brashi na vipulizwe. Silinda hedi nayo ipimwe kwa mgandamizo wa maji ya moto kabla ya kusagwa, maana kulipia usagaji wa hedi yenye ufa ni hasara mara mbili.

Klachi, gia boksi, haidroliki na winchi havipaswi kuamua hatima ya gari. Ni vitu vya kubadilisha. Silinda ya haidroliki inayoshusha mzigo yenyewe ipimwe hivi: nyanyua, zima injini, weka alama, subiri dakika 10. Ikishuka, ni sili au ni vali ya kuzuia, na sili si ghali. Waya wa winchi ndio usioombewa msamaha. Ndani ya msokoto mmoja kamili, nyuzi 6 zikiwa zimekatika, au 3 kwenye moja ya kamba ndogo zinazousuka, waya unatupwa. Pia ukiwa umejikunja pembe hata mara moja. Klipu za mwisho wa waya ziwe 3 au zaidi, tandiko la klipu likae upande wa waya unaovuta na ile U ikae juu ya ncha iliyokufa. Tumeona nyingi zimefungwa kinyume.

Breki tunaziweka juu ya injini kwa umuhimu. Gari linalovutwa halina breki, kwa hiyo yako inasimamisha mawili. Anayeshusha gari bovu kutoka Karatu, ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, kwa ngoma zilizopitiliza kipenyo kilichochapwa juu yake, anategemea bahati. Kama fedha ni kidogo na injini inavuta japo kwa moshi, zianzie kwenye ngoma, laini, silinda za magurudumu na breki ya ekzosi.

Sasa hesabu. Watu hulinganisha gharama ya kutengeneza na bei ya gari lingine. Hiyo ni nusu ya hesabu, kwa sababu ukitengeneza unaacha pia fedha ambayo ungepata kwa kuliuza lilivyo. Kwa mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: gari lako lilivyo linauzika milioni 14, matengenezo ni milioni 16, na ya kushtukiza tuweke milioni 3. Kubaki nalo ni milioni 33. Kama jingine la saizi hiyo likiwa zima ni milioni 40, bado hujamaliza. Kwenye lile jingine ongeza kuhamisha mkono na winchi, tairi 6 na akiba yake, batri, oili zote, vichujio na ada za kuandikisha. Kwenye lako ongeza siku litakazolala gereji mara kipato cha siku. Bei uliyonunulia miaka ile isiingie popote. Imeshaondoka.

Kwa anayeamua kununua jingine, onyo letu ni hili. Malori mengi ya Japani tangu katikati ya miaka ya 2000 yana pampu ya komoni reli, inayosukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa kwenye bomba moja la nozeli zote, na kichujio cha masizi ndani ya ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha injini ikipata moto mkali kwa mwendo mrefu. Brekidauni inaishi kinyume na hivyo: inanguruma imesimama huku PTO, kifaa kinachochota nguvu ya injini, ikizungusha pampu ya haidroliki, safari ni fupi, kusubiri ni kwingi. Kichujio kinaziba, taa inawaka, injini inajipunguzia nguvu katikati ya mlima. Na nozeli za komoni reli hazisamehi dizeli chafu au yenye maji. Usinunue bila kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu na kuuliza kichujio kimejaa kiasi gani. Lori la zamani lenye pampu ya kawaida na chasisi safi bado lina nafasi yake kwenye kazi hii, na hatuoni aibu kulipendekeza.

Kwa anayebaki na lake na kuweka injini ya mtumba: sampu, yaani bakuli la oili, na mfuniko wa vali vifunguliwe mbele yako kabla hujalipa, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, na mguu wa injini, flaiwili (lile gurudumu zito mwishoni mwa krenki) na sehemu ya kufungia PTO vilinganishwe na vya zamani. Injini ya familia moja inaweza kuwa na flaiwili tofauti, na hilo likigundulika baadaye, gari linarudi juu ya matofali. Namba iliyopigwa kwenye bloku isomwe na kupigwa picha, iandikwe kwenye risiti ya muuzaji, kisha ipelekwe Mamlaka ya Mapato ili kadi ya gari ibadilishwe. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi litakusumbua kwa trafiki, kwenye bima na siku ya kuliuza.

Mafundi wa malori ya dizeli,
Unga Limited, Arusha